Kutoka Mwambani hadi Bustanini: Ua la Usambara na Majina Yake

Aghalabu mtu anunuapo chungu cha maua madogo ya zambarau, yenye majani mafupi ya manyoya, hudhani amenunua ua la Kizungu. Kumbe sivyo. Mmea huo, ulioitwa Saintpaulia na wanabotania, asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya tu.

Jina hilo lina kisa. Mwaka 1892, afisa wa utawala wa Kijerumani katika Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea babake ua hilo huko Ujerumani. Mwaka uliofuata, mwanabotania Hermann Wendland akalipa jina la ukoo huo, akaongeza neno la asili ya Kigiriki, ionantha, kwa kulifananisha na ua la Ulaya ambalo kwa kweli halina udugu nalo. Wajerumani waliliita Usambaraveilchen, na angalau hapo Usambara haikupotea. Waingereza waliitaja Afrika nzima, mlima ukasahauliwa. Anayetafsiri jina la Kiingereza na kusema "urujuani wa Afrika" anarithi makosa mawili kwa mpigo: ulinganisho usiofaa na jiografia iliyofifia. Tangu mwaka 2015, kufuatia uchunguzi wa chembe za urithi, wataalamu wameuingiza mmea huu katika jenasi ya Streptocarpus. Hivyo hata jina la afisa yule limeshushwa cheo.

Msituni, mmea huu hushikilia miamba yenye kuvu na unyevu, chini ya kivuli cha miti mikubwa, katika tabaka jembamba la mboji. Hali hiyo ndiyo mwalimu wa mkulima wa bustani. Wengi huupanda chunguni, lakini zipo aina zitambaazo, kama ile iitwayo grotei ya Usambara Mashariki, ambayo shina lake hurefuka na kutoa mizizi ligusapo udongo. Aina kama hizo zaweza kufunika ardhi chini ya miti, mahali ambapo nyasi hugoma kuota kwa kukosa jua. Udongo uwe mwepesi, wenye mboji na usiotuamisha maji, kwani mizizi huoza upesi. Majani yasimwagiwe maji baridi, la sivyo hupata mabaka. Wakazi wa nyanda zenye baridi kali wasijisumbue kuupanda nje.

Suala zito ni mahali pa kuupata. Nchini Kenya, aina ya teitensis hupatikana katika Msitu wa Mbololo, Milima ya Taita; rupicola nayo hung'ang'ania miamba michache ya chokaa huko Kilifi. Mti mmoja mkubwa ukikatwa juu ya mwamba, jua hupenya, kuvu hukauka na maua hufa, hata kama hakuna aliyeyagusa. Kuyang'oa ili kupamba ua wa nyumba ni kuharakisha mauti hayo.

Wala hapana haja ya kung'oa. Jani moja la mmea uliokuzwa kitaluni, likichomekwa kikonyo chake katika mchanga wenye unyevunyevu na kuwekwa kivulini, hutoa mizizi baada ya wiki kadhaa, kisha miche midogo huchipuka kando ya kikonyo. Kila mche hutenganishwa na kupandwa peke yake.