Programu za simu zijaribiwe kwa vidole vya nani?

Kila toleo jipya la programu ya kutuma pesa linapokaribia kutoka, kuna watu ofisini wanaoshinda na simu mkononi wakirudia kazi ileile: fungua, ingiza namba ya siri, chagua kutuma pesa, andika namba ya mpokeaji, andika kiasi, thibitisha, rudi mwanzo. Wakimaliza kwenye simu moja wanashika nyingine. Kufika jioni macho yamechoka, na kosa ambalo lingekamatwa asubuhi linapita. Ndiyo maana wahandisi waliingia kwenye kurekodi: mtu afanye kazi hiyo mara moja, chombo kikumbuke kila alipogusa, kisha kompyuta irudie usiku kucha kwenye simu zote zilizopo.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko simu janja. Mwaka 1983, Apple wakiwa mbioni kumalizia Macintosh ya kwanza, walikuwa na njia ya kurekodi miendo ya kipanya na kuirudisha yenyewe, ili mnunuzi aonyeshwe jinsi ya kutumia kompyuta huku akisikiliza maelezo kwenye kaseti. Steve Capps aliichukua njia hiyo akaipa kazi nyingine. Aliifanya ibofye ovyo, kwa kasi, mpaka programu ikwame, na akakiita chombo chake Monkey. Programu za MacWrite na MacPaint zilipimwa nacho. Leo Android nayo ina chombo chenye jina hilohilo, kinachomwaga miguso ya kubahatisha juu ya programu. Kinafaa sana kugundua programu inayozima ghafla, ila hakiwezi kukuambia kama pesa zimefika kwa mtu sahihi. Kwa hilo inahitajika rekodi ya binadamu aliyekuwa na shida yake ya kutimiza.

Rekodi inaweza kukumbuka mahali palipoguswa, au kitu kilichoguswa. Tuseme kidole kimegusa nukta ya 540 kwa upana na ya 2100 kwa urefu. Kwenye simu yenye kioo cha nukta 1080 kwa 2400, hapo ni katikati, upande wa chini, ambapo kitufe cha kuthibitisha hukaa. Ipeleke rekodi hiyo kwenye simu ya bei nafuu yenye kioo cha nukta 720 kwa 1600, na mguso unaangukia nje ya kioo kabisa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, matawi ya Riverside na Los Angeles, walionyesha chombo walichokiita RERAN, kinachonasa mkondo wa miguso kutoka ndani ya simu na kuurudisha kwa mwendo uleule. Kiliweza kurudia programu 86 kati ya 100 zilizokuwa zikiongoza kwenye Google Play. Ni kazi kubwa, hasa kwa michezo ambayo kidole huburuta na kuzunguka, lakini rekodi za namna hiyo zinataka simu yenye kioo cha vipimo vilevile.

Kukumbuka kitu kilichoguswa ndiyo njia iliyochukuliwa na Xcode, chombo cha Apple cha kutengenezea programu, tangu 2015, na pia Espresso Test Recorder ya Android Studio tangu 2016. Unagusa, na mistari ya msimbo wa jaribio inajiandika. Kitufe kikihamishwa juu, jaribio bado linakipata, ilimradi mtengenezaji alikipa kitambulisho chake. Kama rekodi inategemea maandishi yaliyo kwenye kitufe, mteja akibadili lugha tu, jaribio limekwama.

Kosa ninaloliona zito kuliko yote ni rekodi isiyohakiki chochote. Chombo kinajua kidole kilifanya nini. Jicho lilitarajia kuona nini, hakijui. Aliyerekodi ametuma shilingi 5,000 kutoka kwenye salio la 20,000, akaona zimebaki 15,000, akaridhika. Kuridhika kwake hakumo kwenye rekodi. Kesho yake programu inaweza kukata mara mbili, salio likasoma 10,000, na jaribio bado likapita hatua zote mpaka mwisho na kutoa alama ya kijani. Lazima anayerekodi asimame kila penye uzito akiambie chombo: hapa salio lisome 15,000, hapa jina la mpokeaji lionekane kabla ya kuthibitisha. Na kabla ya kila usiku akaunti ya majaribio irudishwe kwenye 20,000, la sivyo usiku wa pili salio litasoma 10,000 na jaribio litaanguka bila programu kuwa na kosa lolote.

Halafu kuna suala la anayerekodiwa. Mara nyingi ni yuleyule aliyeandika programu. Njia anaijua, hasiti, hakosei namba, na intaneti ya ofisi haikatiki. Sasa mwangalie wakala wa pesa Kariakoo saa kumi na moja jioni. Mteja amesimama mbele yake, mwingine anaulizia vocha, mtandao unasumbua. Anagusa kuthibitisha, kimya, anagusa tena. Simu inaita katikati ya muamala, na akirudi programu inamtaka aanze upya, naye hajui kama pesa zimekwenda. Wakala mwingine amekuza maandishi kwa sababu ya macho, kitufe kikasukumwa chini kisionekane. Ule mguso wa pili wa kuthibitisha ndio unaoweza kutuma pesa mara mbili, na mtu aliyekaa ofisini ni vigumu kuukumbuka.

Kampuni ziwaite watu hawa, ziwalipe kwa siku yao, na ziwape simu zinazouzwa kweli madukani, Tecno na itel, kumbukumbu ikiwa imejaa na mtandao ukiwa dhaifu. Wakishamaliza, mhandisi aipitie rekodi na kuondoa vipindi vya kusubiri vya sekunde maalumu: jaribio lisubiri ujumbe wa muamala uonekane, hata kama utachelewa.

Kurekodi watu kuna mpaka wake pia. Februari 2019 tovuti ya TechCrunch iliandika kwamba programu kadhaa za iPhone, ya Air Canada ikiwamo, zilikuwa zikirekodi vioo vya wateja bila kuwaeleza wazi, na kwamba baadhi ya taarifa nyeti hazikufunikwa ipasavyo. Apple ikawataka watengenezaji waombe ridhaa na kuonyesha alama ya kurekodi, au waondoe kabisa msimbo huo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ina ya taarifa binafsi ya 2022. Wakala aelezwe kinachorekodiwa na akubali mwenyewe. Atumie akaunti ya majaribio na namba zisizo za wateja wake. Sehemu ya namba ya siri ifunikwe ndani ya simu kabla rekodi haijatoka humo. Jaribio likishaandikwa, rekodi yake ya awali ifutwe.