Maana na Matumizi ya "Kukosa Jibu"

Kitenzi kosa kina maana tatu zilizo karibu: kutopata, kutokuwa na kitu, na kufanya lisilo sawa. Hiyo ya tatu ndiyo iliyozaa jina kosa. Mbili za kwanza ndizo zinazoleta mashaka kitenzi kinapofuatwa na neno jibu.

Yafaa kutazama habari moja ya Upare. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani wakapiga kambi Same, yalipokuwa makao makuu ya wilaya, kuipinga kodi iliyoitwa mbiru. Kodi hiyo ilitozwa kwa kadiri ya pato la mtu, na wengi walilalamikia jinsi pato lilivyokisiwa. Basi mwandishi wa historia akiandika, "Wazee waliuliza pato limepimwaje, wakakosa jibu," maana yake hawakujibiwa. Akiandika, "Bwana Shauri aliulizwa, akakosa jibu," mwulizwa ndiye asiye na la kusema. Lakini akiandika, "Bwana Shauri alikutana na wazee, akakosa jibu," haijulikani kama aliuliza au aliulizwa; na katika habari ya ugomvi wa kodi, jambo hilo ndilo linalobainisha nani alimdai mwenziwe jibu.

Asili ya utata huu ni kitenzi pata. Mwanafunzi hupata jibu kwa kulifikiri. Aliyepeleka barua hupata jibu kwa kuletewa. Kosa, kwa kuwa ni kinyume cha pata, limerithi pande zote mbili.

Lugha yenyewe ina njia za kuuondoa utata. "Kukosa la kujibu" ni kwa mwulizwa peke yake: hiyo la husimama mahali pa neno. "Kutojibiwa" ni kwa mwuliza. "Kukosa kujibu" hutia lawama, kwani huenda jibu lilikuwapo ila halikutolewa. Ama "jibu lilikosekana," usemi upendwao sana katika taarifa za ofisini, huwaficha mwuliza na mwulizwa pamoja, na kwa mwanahistoria ndio mbaya kuliko yote.

Ajabu ni kwamba utata hupungua sana katika ukanushi wa mazoea. "Fulani hakosi jibu" husemwa juu ya mtu mwepesi wa ulimi, yaani mwulizwa; akikusudiwa mwenye kuuliza, husemwa "hakosi kujibiwa."