Newala na Masasi: Jinsi kijiji kinavyojipanga kabla kisima hakijakauka na upepo haujaja

Ukisimama Shimo la Mungu, pale Newala mjini, unaliona bonde la Ruvuma limelala chini yako, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Pazuri sana kwa picha. Ila kwa anayeishi hapo shida inaonekana kwa macho: maji yako kule chini, watu wako huku juu.

Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga. Mvua ikinyesha inazama, haikai, na maji yanakuja kutokea kwenye chemchemi za mabondeni, pembezoni mwa uwanda. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika jinsi watu walivyoyafuata maji mbali bondeni. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, ulikuja kuyapandisha kwa pampu kutoka Mitema, bonde la Kitangari. Masasi, upande wa magharibi chini ya milima yake ya mawe, nayo inategemea chanzo cha Mbwinji.

Sasa, tukitaja maafa wengi tunawaza mafuriko au kimbunga, kitu cha kurekodi na simu. Huku kuna janga jingine lisilo na kelele: kisima cha nyumbani kukauka miezi miwili kabla ya mvua. Mama anaamka saa tisa usiku kupanga foleni ya ndoo, mtoto anachelewa shule, na hela ya chakula inaishia kwa muuza maji.

Hesabu ya kisima

Nyumba nyingi za Newala zina kisima cha saruji kilichochimbwa uani, kinachopokea maji ya bati kupitia gata. Kujua kitakufikisha wapi ni hesabu ya darasa la tano. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 20, ni lita 800, yaani ndoo kubwa 40. Hata ukitoa zinazomwagika njiani, zinabaki zaidi ya 30. Kwa mvua moja tu!

Kwa hiyo mara nyingi bati halina shida. Shida ni ukubwa wa kisima. Tuseme kinabeba lita 10,000 na kimejaa mwisho wa Aprili. Familia inayotumia ndoo nne kwa siku itakimaliza baada ya siku 125, mwanzoni mwa Septemba. Mkoa wa Mtwara una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Septemba na Oktoba utakunywa nini?

Anayefunga kisima kwa kufuli hadi Julai mosi, akitumia bomba wakati bado linatoka, lita hizo hizo zinamfikisha mwanzoni mwa Novemba. Hajaongeza mfuko hata mmoja wa saruji.

Anayetaka kuchimba kikubwa zaidi anakutana na kikwazo cha kalenda. Kazi ya kisima ni ya kiangazi, Julai hadi Septemba, wakati hela ya korosho inaanza kuonekana minada ikifunguliwa, kuanzia Oktoba hivi. Saruji inahitajika wakati mfuko uko mtupu. Hapo ndipo mtu anapoingia kwenye kangomba, anauza korosho zake mapema kwa bei ya kutupa. Vikundi vya kuweka hisa vinasaidia kwa sababu vinaiweka hela ya Novemba mpaka Julai, na vingi vina mfuko wa jamii wa kumkopesha mwanachama aliyepatwa na janga.

Na wenye nyumba za nyasi? Nyasi hazivuni maji ya maana. Kwao tegemeo ni bati la shule, zahanati, msikiti au kanisa, likiwekewa gata na tenki la wote. Kwa maoni yangu, mpango wa kijiji usiowataja watu hawa ni mpango wa wenye mabati tu.

Mpango unaandikwa wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Lakini nguvu ya mwananchi iko kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Hapo ndipo mnauliza: tenki la shule linavuja? Nyumba zipi ziko ukingoni mwa korongo? Nani anaishi peke yake na hawezi kubeba ndoo? Majibu yakiingia kwenye muhtasari, yanapanda kwenye kata na kufika halmashauri ya wilaya kwenye maandalizi ya bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, kwa hiyo ombi linaloletwa Septemba, kisima kikiwa kimekauka, limechelewa.

Kijiji pia kinaweza kutunga sheria ndogo, zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Maandishi yapo, lakini anayemwona jirani akilima mbogamboga pale ni mwanakijiji, siyo ofisa aliye Mtwara mjini. Vivyo hivyo kwa moto wa kiangazi: mkanda uliofyekwa kuzunguka shamba la mikorosho, na makubaliano ya kumwambia jirani kabla ya kuchoma majani.

Vimbunga navyo

Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilikuwa kinaelekea upande wetu, shule zikafungwa Mtwara, kisha kikatua Cabo Delgado, Msumbiji. Mei 2024 Hidaya kilitua Mafia, na mafuriko yakaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Ona miezi: vyote vitatu vilikuja msimu wa mvua ukielekea mwisho, wakati wengi wameshaacha kusikiliza utabiri.

Uwanda uko mbali kidogo na bahari, lakini upepo unafika, na barabara ikikatika, bidhaa hazifiki. Kwa nyumba, kinga ya kwanza ni fundi kufunga kenchi kwenye lenta kwa waya au nondo, maana kenchi iliyokaa tu juu ya ukuta inaondoka na mabati yake. Mwambie hivyo kabla hajapandisha bati.

Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hutoa taarifa kwa rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Picha hiyo inakufikia kwenye WhatsApp. Bibi mwenye simu ya kitochi haioni. Baadhi ya vijiji vina kipaza sauti cha msikiti, vingine kengele ya kanisa, vingine filimbi ya mgambo. Kipi kitumike, na nani akipige saa nane usiku, ni jambo la kukubaliana mkutanoni Oktoba, jina la mtu likaandikwa, na la wa pili pia, endapo wa kwanza amesafiri.