Trekta Lililokataa Kuwaka

Katika nyanda za juu za Tarime, na upande wa Mugumu katika Serengeti, watu wengi hulima kwa majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Ng'ombe akisimama njiani, mwenyewe hujua sababu: jua ni kali, au nira yamwumiza shingo. Trekta likisimama halisemi neno. Alitumiaye hana budi kuyajua mambo yaliyo ndani yake, asije akapitwa na mvua ya kupandia.

Matrekta mengi ya siku hizi hutumia dizeli, nayo hayana plagi. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda. Habari hii ni ya matrekta ya kale yatumiayo petroli. Mojawapo lililojulikana sana ni trekta dogo la kijivu la Ferguson, aina ya TE20, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hata 1956. Yalitengenezwa zaidi ya 500,000, na mengine yangali yakilima hata leo.

Katika injini ya namna hii, petroli iliyochanganyika na hewa huingia katika silinda, pistoni huishindilia, kisha cheche ndogo ya umeme huiwasha. Cheche hiyo hutoka wapi? Betri ya trekta ina nguvu ndogo, volti 12 au hata 6 tu, nao umeme wa namna hiyo hauwezi kuruka pengo la plagi, ingawa pengo lenyewe ni jembamba kama ukucha. Kwa hiyo umeme hupitishwa kwanza katika koili. Ndani ya koili mna nyaya mbili zilizozungushwa juu ya chuma: mmoja mnene, wenye mizunguko michache, wa pili mwembamba kama unywele, wenye mizunguko maelfu. Umeme wa betri hupita katika waya mnene, ukaenda hata kwenye pointi. Pointi ni vipande viwili vidogo vya madini, vigusanavyo na kuachana ndani ya distributa kila injini izungukapo. Vinapoachana, umeme hukatika ghafula, na kukatika huko ndiko kunakoamsha katika waya mwembamba umeme mkali wa volti maelfu mengi. Wengi hustaajabu wakisikia haya, kwa maana hudhani cheche huja umeme unapopita. Kumbe huzaliwa unapokatika. Kando ya pointi kuna kondensa, kikopo kidogo kipokeacho umeme uliobaki ili pointi zisiungue. Umeme mkali hurudi katika distributa kwa waya wa katikati, na rota huugawa kwa kila plagi kwa zamu yake. Katika injini ya Ferguson zamu hizo ni 1, 3, 4, 2, silinda ya kwanza ikihesabiwa toka upande wa rejeta.

Mfano ni huu. Mkulima mmoja wa Tarime alikuwa na trekta la kale la petroli. Mvua za vuli zilianza, na majirani wenye ng'ombe walikuwa wamekwisha kupasua ardhi. Asubuhi moja, baada ya usiku wa baridi na umande mwingi, trekta lilikataa kuwaka. Kijana aliyeliendesha akalizungusha mara nyingi mpaka betri ikaishiwa nguvu. Akaongeza petroli. Akafungua kabureta, asione kitu. Mwishowe akang'oa nyaya zote za plagi, akazirudisha pasipo kuzitia alama. Kosa moja likawa makosa matatu, na siku ikapita.

Kesho yake akaja fundi mtu mzima.

"Mwanangu, umegusa nini?" akauliza.

"Kila kitu, mzee."

"Basi tuufuate umeme kama mtu afuatavyo nyayo za ng'ombe aliyepotea. Tutajua mahali zilipokomea."

Wakaazima betri nzima kwa mwenye lori. Fundi akatoa plagi; zote zilikuwa zimelowa petroli. Kwa hiyo mafuta yalikuwa yakifika, na kosa halikuwa katika kabureta. Akazikausha, akangoja mvuke wa petroli uishe, akarudisha tatu mahali pake. Ya nne akaiacha katika waya wake, akailaza juu ya chuma kitupu cha injini, mbali na tundu lake na mbali na mafuta. Kijana akazungusha. Hapakuwa na cheche.

Ndipo akachomoa waya wa katikati utokao kwenye koili, akaushika kwa kipande cha mpira mkavu, akausogeza karibu na chuma. Hapa ndipo njia zinapoachana. Kama cheche ya buluu ingaliruka, kosa lingalikuwa mbele, katika rota, kifuniko cha distributa, au nyaya za plagi. Lakini haikuruka. Kosa basi lilikuwa nyuma: pointi, kondensa, koili, swichi, au waya wa betri.

Alipofungua distributa aliona umande ndani, na pointi zimeingia weusi na vishimo. Akazisugua kwa tupa nyembamba, akazifuta kwa karatasi safi, akapima pengo lake wakati zilipokuwa wazi kabisa. Kifuniko akakikausha kwa kitambaa. Kijana alipozungusha tena, cheche ya buluu iliruka kwa mlio.

Hata hivyo injini ilikohoa tu na kutoa moshi, kwa sababu nyaya zilikuwa zimebadilishana. Fundi akaweka kidole juu ya tundu la silinda ya kwanza, injini ikazungushwa polepole mpaka pumzi ikakisukuma kidole. Akatazama rota inaelekea wapi, na hapo akaunga waya wa kwanza. Zilizobaki akazifuatisha, 3, 4, 2, kwa upande uleule rota izungukiavyo.

Kabla ya kuliwasha kwa hendeli, alihakikisha gia haijashikwa, akamwonyesha kijana jinsi ya kuishika: kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, na mkono uvute juu, usisukume chini. Cheche ikija mapema hendeli hurudi nyuma kwa nguvu, na waliovunjika mkono kwa kukizungusha kidole gumba si wachache.

Trekta likawaka mara ya pili. Wakalima hata giza. Jioni, kabla ya kulala, kijana alitafuta rangi nyeupe, akaandika namba juu ya kila waya, kisha akakifunika kichwa cha injini kwa turubai.