Jeraha la Mgongo Huendelea Baada ya Ajali: Fahamu Sababu

Bodaboda ikigongwa au mkwezi akianguka kutoka kwenye mnazi, watu wengi hukimbilia kumshika majeruhi mikono na miguu na kumpakia kwenye gari la kwanza linalosimama. Nia huwa njema. Lakini ikiwa mgongo au shingo imeumia, kumbeba hivyo kunaweza kumfanya mtu ambaye angetembea tena apooze maisha yake yote.

Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo unapita ugwe wa mgongo, yaani ule mkanda laini wa neva unaopeleka amri za ubongo kwenye viungo na kurudisha hisia. Ukibanwa au kuchanika, sehemu za mwili zilizo chini ya jeraha hufa ganzi au kupooza. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), zaidi ya watu milioni 15 duniani wanaishi na jeraha hili, na wengi waliumia kwa kuanguka, ajali za barabarani au vurugu.

Majeraha mawili katika ajali moja

Jeraha la kwanza hutokea papo hapo, mfupa unapovunjika na kuubana ugwe. Jeraha la pili huanza dakika chache baadaye na kuendelea kwa saa, siku, hata wiki kadhaa. Katika kipindi hiki, seli zilizonusurika ajali yenyewe huanza kufa.

Sababu moja kubwa ni kuharibika kwa mitokondria. Hizi ni sehemu ndogo mno zilizo ndani ya karibu kila seli ya mwili, na kazi yake kuu ni kutumia oksijeni na virutubishi vya chakula kutengeneza nishati. Seli za neva huhitaji nishati nyingi kila wakati.

Ugwe unapoumia, madini ya kalsiamu hufurika ndani ya seli. Mitokondria huyanyonya, lakini zikizidiwa huvimba, utando wake hutoboka na uzalishaji wa nishati husimama. Pia hutoa kemikali kali zinazounguza mafuta yanayofunika neva. Seli iliyokosa nishati haiwezi kujirekebisha. Hufa, na mabaki yake hudhuru seli jirani.

Hali huwa mbaya zaidi majeruhi akivuja damu nyingi, shinikizo la damu likishuka au akipumua kwa shida. Mitokondria zisizopata oksijeni ni kama jiko la makaa lililofunikwa: moto hufifia, kisha huzima.

Matibabu yaliyopo

Hospitalini, wahudumu humpa mgonjwa oksijeni, hulinda shinikizo lake la damu kwa siku za mwanzo na kumpiga picha za mgongo. Upasuaji wa kuondoa mbano unapohitajika, inafaa ufanywe mapema, ndani ya saa 24 ikiwezekana. Hatua hizi huziwezesha seli zilizosalia kuendelea kupata damu na oksijeni. Jijini Nairobi kuna hospitali ya kitaifa ya rufaa inayoshughulikia majeraha ya uti wa mgongo.

Je, kuna dawa ya kuponya mitokondria? Bado. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, walichapisha matokeo ya kupandikiza mitokondria zenye afya kwenye ugwe wa panya walioumizwa. Uzalishaji wa nishati uliimarika siku ya kwanza, lakini wiki 6 baadaye panya hao hawakutembea vizuri kuliko wengine. Utafiti unaendelea. Kwa hivyo, mtu akikuuzia sindano au vidonge vya "kufufua neva" ili mgonjwa wako atembee, usiuze shamba wala ng'ombe kumlipa. Muulize daktari kwanza.

Kwa wanaoishi na jeraha hili, mazoezi ya viungo yana faida ya kweli. Misuli isiyotumika hupoteza mitokondria na kudhoofika, na mazoezi yanayofaa huweza kuzirejesha kwa kiasi. Familia pia zimgeuze mara kwa mara mgonjwa asiyeweza kujigeuza, ili asipate vidonda vya kulalia.

Ukifika kwenye ajali

• Shuku jeraha la mgongo iwapo majeruhi ana maumivu ya shingo au mgongo, ganzi, au hawezi kusogeza miguu. Asiye na fahamu pia achukuliwe kuwa ameumia mgongo.
• Usimsogeze, isipokuwa kuna hatari kama moto, maji au magari.
• Hakikisha anapumua. Shikilia kichwa chake kwa mikono miwili kisicheze.
• Usimkalishe, usimpe maji wala chakula, na usimpakie kwenye pikipiki.
• Zuia damu inayovuja kwa kukandamiza kidonda.
• Piga 1199, nambari ya dharura ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, uombe ambulensi.
• Ikibidi ahamishwe, watu wanne au zaidi wamgeuze kwa pamoja, kichwa na mwili vikiwa vimenyooka, kisha alazwe kwenye ubao mpana au mlango.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ukosefu wa pesa mfukoni usiwe sababu ya kumchelewesha majeruhi nyumbani. Mfikishe hospitalini mapema, na mfikishe akiwa amelala na kunyooka kama ubao.