Setilaiti za Chini na Shule za Mbali

Kituo cha Longonot nchini Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1970, kiliwasiliana na setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Setilaiti ya kimo hicho huzunguka sambamba na dunia, nayo moja huhudumia eneo kubwa mno. Lakini ombi la intaneti na jibu lake hupanda na kushuka mara mbili, jumla ya kilomita 144,000: karibu nusu sekunde.

Setilaiti za Starlink, zilizoanza kuhudumia Kenya mwaka 2023, huruka kiasi cha kilomita 500. Kupanda na kushuka huko huchukua karibu sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa kuwa kila moja hupita upesi, maelfu huhitajika. Shule isiyofikiwa na waya yaweza kuunganishwa leo, mradi iwe na umeme na fedha za ada.