Steringi hafi: Nani hufa katika filamu za vita?

Waliokulia karibu na vibanda vya video wanaijua kanuni hii: steringi hafi. Hata amiminiwe risasi kama mvua, atainuka, ajipanguse vumbi na kumaliza kazi. Leo ninataka kuonyesha kwamba kauli hiyo ya vijana ni nadharia ya uhusika, na kwamba filamu za vita vilivyopiganwa kwetu zimeitumia kugawa uhai kwa rangi ya ngozi.

Wanafunzi wa fasihi hutofautisha mhusika bapa na mhusika duara, istilahi zilizoenezwa na E. M. Forster mwaka wa 1927. Bapa ana sifa moja. Habadiliki wala hashangazi. Duara husitasita, hujuta na hukua. Ubapa wenyewe si kosa, maana si kila mpita njia atapewa wasifu. Kosa huja pale jamii moja inapogawiwa ubapa na nyingine uduara. Hapo huzaliwa taswira mgando: picha moja ya watu inayorudiwa hadi ikadhaniwa kuwa ndiyo hali yao.

Tazama Simba (1955) na Something of Value (1957), filamu mbili kuhusu vita vya Mau Mau. Anayepewa shamba, mchumba na hofu yenye sababu ni mlowezi. Wapiganaji wengi ni kundi tu, linalochomoka gizani na mapanga. Kumbe takwimu rasmi za wakoloni wenyewe zilitaja walowezi 32 waliouawa, na wapiganaji zaidi ya 11,000! Waliokufa kwa maelfu ndio wasio na majina kwenye skrini.

Haki itendeke, lakini. Something of Value ilimpa Sidney Poitier nafasi ya Kimani, kijana mwenye utoto, urafiki na uchungu unaoeleweka. Huyo ni duara. Hata hivyo, Kimani hufa, naye rafiki yake Mzungu, aliyeigizwa na Rock Hudson, hubaki hai. Ubapa umepungua, kanuni imesalia palepale.

Usidhani tatizo ni Hollywood pekee. Rise and Fall of Idi Amin (1981) ilitengenezwa na Sharad Patel, na aliyeigiza Amin ni Mkenya, Joseph Olita. Ukatili wa Amin haukuwa hadithi ya kubuni. Lakini ukimchora dikteta kama zimwi mla watu, unamwondolea mtazamaji swali muhimu: alifunzwa wapi? Amin alikuwa mwanajeshi wa KAR, jeshi la wakoloni, na alitumwa Kenya kupigana na Mau Mau. Zimwi halina historia, binadamu anayo.

Hayo yanatuleta Remba, kisiwa kidogo cha wavuvi katika Ziwa Victoria, ambako Mkenya, Mganda na Mtanzania hukaa bega kwa bega. Mahali kama hapo, filamu ya kigeni mara nyingi huwafikia watazamaji kwa sauti ya msimulizi, kama anavyofanya DJ Afro. Kwangu mimi, huyo si mfasiri tu. Ni mtunzi wa pili. Anaweza kumpa jina na utani askari ambaye filamu ilimnyima hata sentensi moja. Anaweza pia kuharibu: Mjapani, Mkorea na Mvietnamu wote wakawa "Wachina", na kila Mwarabu akawa gaidi. Taswira mgando iliyotuumiza sisi tunawapakulia wengine kwa Kiswahili sanifu na Sheng.

Kwa hivyo, walimu na wazazi, vijana wakitazama filamu ya vita waulizeni maswali matatu. Nani ana jina? Nani husema, na kwa lugha gani? Nani huruhusiwa kubadili nia? Asiyepata hata moja kati ya hayo si adui wala rafiki. Amewekwa pale ili afe, steringi apite.